Karo la Chini ya Kabati

Siku tulipoanua matanga ya Shangazi Domitila, msemaji wa familia alisimama pale sebuleni Kicukiro, akajikohoza, akatoa lile tangazo ambalo hapa Kigali msiba haufungwi bila kulisikia: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, familia imlipe, na kama yupo aliyekuwa akidaiwa naye ajitokeze pia, ili mama yetu apumzike. Kwa kawaida ni maneno ya kupitisha muda. Watu hutazama viatu vyao, mtu mmoja hukohoa, halafu bia na soda zinagawiwa. Lakini mimi niligeuza shingo kabla msemaji hajamaliza, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemwona mtu akiingia langoni, mvi zimemjaa, koti linambana mabegani, na nilimtambua kwa mikono yake tu. Fundi Evariste. Alikuwa ameketi kiti cha mwisho karibu na mlango, na chini ya viatu vyake kulikuwa na makaro, vile vigae vya sakafu, alivyoviweka mwenyewe mwaka ule nilipochumbiwa.

Habari za ukoo wangu siziingizi hapa, hazimsaidii mtu. Inatosha kujua kwamba nilikulia Bukoba, nikaja Kigali nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, nikafikia kwa Shangazi, dada wa baba yangu, naye ndiye aliyekuwa na mamlaka yote juu ya ndoa yangu. Faustin alikuwa ameshajitambulisha. Kilichobaki ni gusaba, siku ambayo ndugu za kijana wanakuja kwa heshima zote kumwomba binti, na siku hiyo ilipaswa kufanyika nyumbani kwa Shangazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Sebule iliingia seti moja ya makochi na friji, na ukitaka kupita lazima mtu anyanyue miguu. Shangazi alisimama katikati yake mwanzoni mwa mwaka, mikono kiunoni, akasema, "Wakwe zako ni watu wa magari. Hawatakuja hapa kukaliana magotini." Akaamua kuvunja ukuta wa mbele, kuongeza sebule, kujenga baraza, kuweka dari jipya na makaro kila mahali. Nilifurahi kijinga. Nilidhani ananipenda.

Nisimwonee, Shangazi alikuwa na sababu zake. Kabla sijafika, fundi mmoja alikuwa amepokea avansi, yaani malipo ya kuanzia kazi, akachimba shimo la choo cha wageni, akaaga kwamba anakwenda kuangalia kokoto, na hadi leo anaziangalia. Shimo lilijaa maji ya mvua, bata wa jirani wakaogelea humo. Tangu siku hiyo Shangazi akawa na sheria moja, na aliitamka akimenya viazi, akifua, hata akitoka kanisani: "Ukimlipa fundi kabla hajamaliza, umemnunulia nauli tu." Kwa hiyo alipomleta Evariste kutoka Nyakabanda, walipatana mbele yangu, sebuleni, juu ya chai. Sehemu ya kwanza ya kuanzia. Ya pili kuta zikisimama, ya kuezekea paa. Ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, kazi ikiisha. Evariste alitikisa kichwa, akamshukuru, akaongeza sukari kwenye chai yake. Wote tulitikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza nani atasema kwamba imeisha.

Evariste alikuwa Mrundi wa Bujumbura, kijana mrefu mwenye sauti ya chini na Kiswahili cha kwao, kile cha kuweka "iko" kila mahali. Alifanya kazi akiimba nyimbo za kanisa kwa mdomo uliofungwa. Na jambo ambalo watu hawaniamini nikisema ni kwamba Shangazi alimlisha vizuri sana. Wee! Saa saba mchana meza ilikuwa inatandikwa uani: ugali wa muhogo, isombe, yaani kisamvu, iliyopondwa na karanga, maharage yenye mafuta ya mawese, dagaa wa kukaanga, chai ya maziwa matupu. "Mama, chakula iko tamu sana," Evariste alikuwa akisema, na Shangazi akimjibu, "Kula, mwanangu, kwangu hakuna mtu anayefanya kazi na njaa." Kisha alikuja jikoni, akafunga mlango kwa kisigino, akaninong'oneza, "Mtu akishiba kwako, ulimi unakuwa mzito. Muongezee maharage." Nilicheka. Nilikuwa bado sijamjua.

Pale mezani ndipo nilipopata habari za Spesi. Alikuwa mchumba wa Evariste, aliuza parachichi karibu na soko, na siku nyingine alipita jioni kumchukua, akasimama langoni na beseni lake tupu kichwani. Baba yake aliishi Bugesera. Alikuwa ameomba mahari ya ng'ombe mmoja tu, lakini alikuwa ametaja na siku yenyewe, Jumapili fulani ya mwezi wa nane, kwa sababu tayari kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa akipita pale nyumbani na mifuko ya sukari, na mzee hakutaka kuzeekewa na binti. Evariste alinieleza haya akiwa juu ya ngazi, misumari mdomoni. "Ile malipo ya mwisho ya mama ndiyo ng'ombe yangu, dada. Mimi niko naiona kabisa, hata rangi." Jumapili hiyo iliangukia siku moja tu baada ya gusaba yangu. Tulitaniana kwamba tutaoa na kuolewa pamoja.

Naye hakuwa malaika, lazima niseme. Mwezi wa nne, mvua zikiwa kali, alipokea sehemu ya pili ya malipo kwa ajili ya paa, na wiki iliyofuata hakuonekana. Tulisikia yuko Remera, nyuma ya uwanja wa mpira, amechukua kazi nyingine ya nyumba ya ghorofa. Ndivyo mafundi walivyo, wanashika kazi mbili ili moja ikikwama nyingine iwalishe. Lakini sisi tulibaki na paa lililo wazi. Maji yaliingia usiku, yakaloanisha godoro langu, tukaweka masufuria sakafuni. Nilingoja Shangazi apasuke. Hakupasuka. Evariste alipojirudisha, kichwa chini, akitafuta uongo wa kusema, Shangazi alimpokea kwa kikombe cha chai na chapati ya moto. "Karibu, mwanangu. Najua mambo ni mengi." Evariste alikaribia kulia kwa shukrani. Mimi nilimwona Shangazi usoni, nikaogopa. Mtu anayekusamehe haraka namna ile, kuna mahali ameandika.

Makaro yalipoanza kuwekwa, Shangazi alianza tabia ya kijiko. Kila jioni Evariste akishaondoka, alipiga magoti na kijiko cha chai mkononi, akagonga karo moja baada ya jingine, sikio chini. Karo lililokaa vizuri linatoa sauti nzito, fupi. Lililoachiwa hewa chini yake, saruji haikulifikia lote, linalia kama kopo. Usiku mmoja aliniita kutoka jikoni. "Njoo usikie hili." Lilikuwa pembeni, karibu na ukuta wa chumba changu. Aligonga. Tupu kabisa. Nikasema basi kesho nimwambie fundi alitoe, saruji bado mbichi. Shangazi akanikamata mkono. "Thubutu! Hilo ni langu. Shika upande huo." Tukasukuma kabati la vyombo mpaka likalifunika. Akajipangusa mikono, akatazama kabati lake jinsi mtu anavyotazama pesa alizozificha, akaenda kulala.

Kesho yake nilimpelekea Evariste maji ya kunywa, nikamwambia kwa kuzunguka, maana nilikuwa nakula kwa Shangazi, nalala kwa Shangazi na naolewa kwa Shangazi: "Fundi, hebu pitia tena kule ukutani, karibu na kabati." Akatabasamu tabasamu la mafundi wote duniani. "Dada, mimi niko najua kazi yangu." Nikamwambia tena. Akaninyang'anya kikombe kwa utani, akasema bibi harusi atafute mafuta ya kupaka, mambo ya saruji awaachie wanaume. Basi. Nilikasirika, nikaondoka. Majivuno yale nayo yalimgharimu, na mpaka leo nikimkumbuka juu ya hilo natamani kumzaba kofi.

Alimaliza Jumatano ya wiki ya sherehe. Aliosha sakafu mara mbili, akaoga uani, akavaa shati jeupe. Spesi alikuja naye amependeza, kitenge kipya, kwa sababu siku ileile walitaka kwenda mnadani kumwona ng'ombe. Shangazi aliwakaribisha wote wawili sebuleni. Kulikuwa na sambusa za nyama, chai, na maandazi ambayo nilikuwa nimeyakaanga mwenyewe. Alisifu dari. Alisifu baraza. Alimwambia Spesi, "Umepata mwanamume, mwanangu, shika vizuri," na Spesi akaficha uso kwa aibu. Kisha, akiwa bado anatafuna, Shangazi akasema, "Evariste, nisaidie kusogeza hili kabati, nataka kufagia nyuma yake." Evariste akaruka kumsaidia. Shangazi akachukua kijiko kutoka kwenye kikombe chake, akakilamba, akainama, akagonga.

Karo likalia kama kopo. Evariste akagonga mwenyewe kwa kidole. Akagonga tena. "Mama, hii ni karo moja. Mimi nabadilisha sasa hivi."

"Sasa hivi?" Shangazi aliuliza kwa upole. "Uvunje, vumbi litapakaa kwenye mapazia yangu, saruji inuke, na wakwe wanakuja Jumamosi? Hapana, mwanangu. Utalibadilisha baada ya sherehe. Kazi ikiisha nitakulipa, kama tulivyopatana."

"Mama, Jumapili ndiyo siku yangu. Nipe hata nusu. Nikate tu pesa ya hiyo karo."

"Tulipatana nini, Evariste? Nani alitoa neno la kazi ikiisha? Si tulikubaliana wote hapa?" Akanigeukia. "Si ulikuwepo?"

Nilisema nilikuwepo, na nikasema pia kwamba Shangazi, karo hilo ulilijua tangu mwezi wa sita. "Huyu harusi imemchanganya," alimwambia Spesi, akamsogezea sahani. "Kula, mama, usione aibu." Spesi hakula. Alikuwa anamtazama Evariste, na Evariste alikuwa anatazama sakafu. Walipoondoka Shangazi alihesabu sambusa zilizobaki, akasema zitafaa kifungua kinywa. Nilimuuliza anapata faida gani. Akanijibu bila hasira yoyote, "Aliniachia mvua iingie ndani. Sasa na yeye anyeshewe kidogo."

Jumamosi walinivisha mshanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya dhahabu, wakanikalisha chumbani kwangu, kinachopakana na sebule ile mpya, pazia tu katikati. Bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Wazee wa pande mbili walikaa sebuleni na barazani, wengine kwenye hema uani. Mtu asiyeijua gusaba lazima aelezwe kitu kimoja. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wanashindana kwa maneno. Wa upande wa binti anajifanya hajui wageni wamefuata nini, anajifanya binti keshaahidiwa kwingine, na mara nyingi anapangwa mtu asimame katikati ya watu adai jambo la uongo: kwamba binti ni wake, au kwamba familia ina deni lake. Upande wa kijana lazima umtulize huyo mdai kwa pombe na bahasha ndogo. Ni mchezo, kila mtu anajua, na ndio unaonogesha sherehe. Evariste aliujua pia. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha.

Niliitambua sauti yake kabla sijaelewa maneno. Alikuwa ameingia na koti la kuazima, amekaa na wageni, akangoja wazee watulie, akasimama. "Wakwe mliokuja," alisema, Kinyarwanda chake kikivutwa na Kirundi, "kabla hamjaoa hapa, jueni kwamba nyumba hii haijalipwa. Mimi ndiye fundi. Makaro mnayokanyaga ni jasho langu. Kesho natakiwa kupeleka ng'ombe kwa wakwe zangu, na ng'ombe huyo yuko hapa, chini ya miguu yenu. Mwambieni mama huyu anipe ng'ombe wangu."

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Msemaji wetu alikuwa ameacha mdomo wazi, kwa sababu huyu hakuwa mtu aliyempanga. Baba yake Faustin alikuwa ameshaanza kumgeukia Shangazi. Kwa muda mfupi Evariste alikuwa ameshinda, ninaapa. Halafu Shangazi akacheka. Alicheka kwa nguvu, kutoka kifuani, akapiga makofi, na watu wote ambao walikuwa wamekata pumzi wakaona kumbe ni mchezo, wakacheka nao kwa kupata nafuu. "Ala! Wakwe zetu, mmesikia?" alisema. "Tulidhani tumemficha, kumbe katufuata! Basi binti hamwondoi hapa mpaka mtulipie ng'ombe aliyelala chini ya sakafu!" Nyumba nzima ikalipuka. Uani waliosikia nusu nusu wakaulizana, wakasimuliana, wakacheka mara ya pili.

Nikavuta pazia. Sikufikiri. "Si mchezo!" nilipiga kelele. "Anadai kweli! Shangazi, mlipe mtu pesa yake!" Mungu wangu, walivyocheka. Hawakuwahi kuona bibi harusi anatoa kichwa. "Ana haraka ya kuolewa huyo!" mzee mmoja alisema, na vigelegele vikapigwa. Faustin mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mwanamke mmoja alinishika kiuno akanirudisha ndani, akinipepea na ncha ya kitenge. "Tulia, mama, utatoka jasho, poda itaharibika."

Msemaji wa akina Faustin alikuwa hodari wa kazi yake. Aliinuka, akaagiza kibuyu cha pombe ya ndizi, akakishika kwa mikono miwili, mrija umesimama, akamwendea Evariste taratibu huku mpiga video akimfuata. "Fundi wetu," alisema, "tumesikia kilio chako. Pokea hiki, utulie, utupe binti." Sasa, kinywaji unachopewa na wakwe mbele ya wazee hakikataliwi. Anayekikataa amewatemea mate wote waliopo, ameilaani ndoa na watoto watakaozaliwa humo, na Evariste hakulelewa kulaani watoto wa watu. Alitazama kwenye pazia langu. Alimtazama Shangazi, ambaye alikuwa bado anatabasamu. Akainama akanywa. "Umetulia?" msemaji aliuliza. "Nimetulia," alijibu, kwa sababu hakuna jibu jingine. Wakamwekea bahasha mfukoni, nauli ya kumfikisha Bugesera na soda ya njiani, wakampigia makofi mpaka langoni. Nusu saa baadaye waliniita nitoke, nikatembea juu ya yale makaro nikiwa na mkufu wa shanga na uso uliopakwa, kila mtu akisema nimependeza.

Jumapili Evariste alikwenda Bugesera bila ng'ombe. Dereva alikwenda na wawili. Sijui walisemezana nini huko, najua tu kwamba Spesi alitolewa kwa dereva kabla mwaka haujaisha, na kwamba nilikutana naye mara moja kituo cha basi Remera, mtoto mgongoni, nikamwita kwa jina, akanitazama, akapanda basi lake. Evariste alirudi mara tatu na mwiko wake kubadilisha lile karo. Shangazi hakumfungulia. "Tulishamalizana," alisema kutoka ndani. Evariste akaenda kwa wazee wapatanishi wa mtaa, na Shangazi naye akaenda, amevaa vizuri, na ile video ya sherehe. Waliitazama kwa kompyuta ndogo, vichwa vimesogezwa pamoja. Ulidai mbele ya watu? Ndiyo. Ulipewa, ukanywa? Ndiyo. Ukasema umetulia? Wakaomba irudishwe nyuma waione tena, maana ilikuwa inachekesha. Kesi ikaishia hapo.

Na katika familia ya mume wangu ikawa hadithi. Kila Krismasi, nyama ikishaliwa, shemeji yangu mkubwa anasimama na kuigiza: anatoa koti, anavuta Kirundi, "ng'ombe yuko chini ya miguu yenu!" Wajukuu wanaijua kwa moyo. Mwanzoni nilijaribu kueleza kwamba yule mtu alikuwa anadai kweli, na kila nilipoeleza walicheka zaidi, eti bibi harusi bado ana haraka. Nikaacha. Nimekaa na watu wazuri, wanaonipenda, wanaonisaidia nikiumwa, na mwaka baada ya mwaka nimewasikia wakicheka mtu akifa mbele yao.

Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Remera. Wateja wananiuliza pale kaunta, kila wiki: mama, fundi hajamaliza, anataka pesa, nimpe? Nawaambia walipe kile wanachoweza kukigusa kwa mkono. Ukuta umesimama, lipa ukuta. Bakiza kidogo cha mwisho, lakini kiwe kidogo kweli, kiasi cha kumrudisha mtu kumalizia kazi, kisiwe maisha yake. Na mseme tangu mwanzo kuisha maana yake nini, na kasoro ukiiona iseme siku hiyohiyo. Wanashukuru, wananunua misumari, wanaenda kufanya wanavyotaka.

Basi siku ya matanga, msemaji alipouliza nani anamdai marehemu, Evariste alisimama. Na kabla hajafungua mdomo, shemeji yangu akamtambua, akamgusa mkewe kwa kiwiko, akanong'ona, na mkewe akabana kicheko puani. Kikatoka. Kikampata wa pili, wa tatu. Pale, chini ya picha ya marehemu yenye maua, watu wazima wenye nguo za msiba walikuwa wanatikisika mabega. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Msemaji, maskini, ambaye hakujua chochote, aliona mzee amesimama na watu wana furaha, akadhani ni rafiki wa zamani. "Mpeni mzee wetu kinywaji kwanza," alisema, "atueleze vizuri." Mtu akamletea bia iliyofunguliwa.

Evariste aliweka mikono yake nyuma. Yule mwenye bia aliendelea kuinyoosha. Aliinyoosha mpaka kicheko kikaisha chenyewe, kutoka mbele hadi nyuma, na ukasikika mlio wa friji jikoni.

"Safari ile nilikunywa," Evariste alisema.

Msemaji akauliza ni kiasi gani, familia iko tayari. Evariste akasema anamdai marehemu, ndiyo, lakini hakuja kulipwa. "Mama alisema nitalipwa kazi ikiisha. Kazi haijaisha. Kuna karo moja iko na uvungu, pale chini ya kabati. Na mimi sitaimaliza." Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, akatoka. Wazee wakaanza kunong'onezana, kwa sababu mtu hazikwi akaachwa na deni ambalo mdai amekataa kulipokea, hakuna anayejua litaishia wapi.

Nilimkimbilia langoni na bahasha. Nilikuwa nimeiandaa tangu siku ya mazishi, pesa ya ng'ombe mzuri kwa bei ya leo. Hakuigusa. "Dada, wewe ulipiga kelele siku ile," alisema. "Nilisikia. Wewe peke yako." Nikalia, sikuweza kujizuia. Nikamwambia achukue basi, kwa ajili yangu, amsamehe, marehemu apumzike. "Hiyo si pesa yako. Mimi simdai wewe." Nikamuuliza kama hana huruma hata kidogo kwa mtu aliyekufa. Alifikiri kwanza, alifikiri kwa dhati. "Hapana," alisema, akanipa mkono, akashuka barabarani.

Nyumba Shangazi aliniachia mimi. Mwezi uliopita nilisogeza lile kabati na kumtafuta fundi kijana, msafi, mwenye maneno ya heshima, nikamwonyesha kazi: karo moja tu. Akaomba nusu. Nikampa yote, kabla hajafungua begi lake, nikaongeza ya chakula cha mchana, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia ndani ya nyumba ile. Akapokea kwa mikono miwili. Akasema kifaa cha kukatia amekisahau Nyakabanda, anakifuata mara moja. Niliweka chai. Chai ikapoa. Simu yake haipatikani, mpaka leo haipatikani. Nilichukua kijiko kutoka kwenye kikombe, nikapiga magoti, nikagonga, na karo likalia vilevile kama mwaka ule. Ndipo nikasikia kama Shangazi anacheka, yeye wa kwanza, kama kawaida yake, nami nikabaki pale chini na kijiko changu, nangoja wengine wafuate.